Yale Yote Niliyokusemea

Lurambi,
Jumamosi mchana.

Mwanangu Nafula,

Wewe na mama yako mmeenda mjini kutafuta sanduku, na mimi nimebaki hapa posho mill, kwenye kinu cha kusaga unga. Stima imepotea tangu saa nne na mashine imezimika. Wateja wameacha magunia yao wakaenda zao. Nimegeuza debe nikalikalia, daftari liko juu ya magoti, na nitaandika mpaka mrudi. Mkinikuta sijamaliza, usije kuchungulia. Utasoma kesho ukiwa ndani ya gari.

Mambo ya sabuni, ya kufuli mbili, ya kutomwazima mtu beseni, mama yako amekuandikia karatasi nzima pande zote mbili. Sina la kuongeza hapo.

Nakuandikia kwa sababu mikono yangu haiwezi kusema haya. Unajua mwenyewe. Ishara zangu ni za kinu: vidole vya kuonyesha makopo mangapi ya gorogoro, mkono wa kuzungusha maana yake washa, kiganja shingoni maana yake zima. Zile nyingine ulizonifundisha nazichanganya, na ukianza kunicheka nasahau hata nilichotaka kusema. Mwaka jana nilitaka kukuambia nasikitika, kumbe nimekuambia nina njaa, ukaenda kunipakulia chakula. Nikala.

Tena tangu Jumanne hunitazami. Mtu anayesikia akitaka kukomesha ugomvi huondoka au hupiga kelele. Wewe unafumba macho, na ukishayafumba hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia neno. Jumanne ulifumba ukiwa umesimama pale mlangoni, nami nikabaki nikipunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki.

Ulikuwa na haki. Chuo kilinipigia simu wiki iliyopita. Yule mama wa ofisi alisema umepokelewa kwenye kozi ya upimaji wa ardhi, lakini hawana mkalimani wa lugha ya ishara, na hawajawahi kufundisha mwanafunzi kiziwi. Akauliza kama kuna jamaa anayeweza kuja kukaa nawe darasani muhula wa kwanza, waone mambo yatakavyokwenda. Nikasema yupo. Nikamtaja binamu yako Ambani, ambaye ishara zake ni mbaya kuliko zangu. Akauliza kama wewe mwenyewe umekubali, nikasema umekubali sana. Wakati huo ulikuwa nyuma ya nyumba unafua, na hukujua lolote mpaka nilipokueleza Jumanne.

Meseji uliyonitumia Jumanne jioni, tukiwa nyumba moja, bado iko kwenye simu yangu: "Ambani akikaa pale wataona kazi imeisha. Hawatatafuta mkalimani tena. Nitamaliza muhula bila kuelewa kitu halafu watasema nimeshindwa. Na wewe hukuniuliza." Halafu ukawaandikia chuo barua pepe yako mwenyewe, na wakakujibu uripoti Jumatatu umwone mkuu wa idara. Hawakuahidi chochote. Umewahi kulala bweni miaka minne ya sekondari, hilo halinitishi, lakini shule ile kila mtu alizungumza kwa mikono. Huko unakokwenda utakuwa peke yako darasani, na ukikosa mkalimani utakuwa unatazama midomo ya watu kutwa nzima. Mimi naogopa, Nafula. Naogopa kuliko siku yoyote tangu ulipolazwa.

Sasa nataka kukuambia nilijifunza wapi hii tabia ya kujibu mahali pako. Sehemu yake unaijua. Sehemu nyingine nimekuficha, na mama yako amenifichia.

Uliugua ukiwa na miaka miwili na nusu. Homa ya uti wa mgongo. Ulikaa wodini wiki tatu, ukatoka shingo imekonda na macho makubwa. Mama yako ndiye aliyegundua kwamba husikii. Mimi nilisema umekuwa kichwa ngumu. Nilikuita ukiwa umenipa mgongo, hukugeuka, nikakuchapa mguuni. Ndiyo, nilikuchapa kwa kutosikia, na si mara moja. Wewe ulikuwa mdogo hukumbuki, lakini mimi nakumbuka hata soksi ulizovaa.

Kliniki walituambia tukupeleke kile kituo cha Kakamega mjini ambako watoto hupimwa, halafu wazazi wanaandikiwa barua ya shule inayofaa. Mama yako alitaka twende kesho yake. Mimi nikasema tumpe Mungu nafasi kwanza. Tukazunguka kila mkutano wa maombi uliotangazwa, wewe begani kwangu. Ulipenda sana, maana kulikuwa na watu wengi wa kutazama.

Ulipokuwa na miaka mitano ndipo nilipofanya kosa ambalo mengine yote yametokana nalo. Unajua kanisa letu halina kinanda, lina ngoma, na mimi ndiye mpiga ngoma kubwa tangu ujana wangu. Jumapili hiyo mama yako alikuweka benchi la mbele, karibu nami. Ngoma ilikuwa imeegemea benchi. Nikapiga pigo moja la nguvu la kuanzisha wimbo, na wewe ukageuka. Ukanitazama, ukacheka.

Watu waliona. Mama mmoja akapiga kigelegele, halafu wengine kumi. Mchungaji akanyanyua mkono wimbo usimame, akasema, "Baba Nafula, simama useme Mungu amekutendea nini." Nikasimama. Nikasema mtoto wangu amefunguliwa masikio. Watu walipozidi kushangilia nikatia chumvi, nikasema hata jana nilikuita kutoka jikoni ukaitika. Hukuwa umeitika. Nilisema tu, kwa sababu kanisa zima lilikuwa limesimama likinitazama na ilikuwa tamu.

Nyumbani mama yako alikungoja ukae kula. Akasimama nyuma yako, akagonga sufuria kwa mwiko mara tatu. Ukaendelea kumega tonge la obusuma. Akaniambia polepole, "Baba Nafula, huyu mtoto hasikiangi. Amehisi benchi ikitetemeka."

Nikamjibu kwamba imani yake ni ndogo. Hakulizungumzia tena kwa miaka mitatu. Katika maneno yote niliyowahi kumwambia mama yako, na tumeoana miaka mingi, hilo ndilo ninalolionea aibu zaidi. Nimemwomba msamaha. Alisema yalishapita, halafu akaenda kukata kuni ambazo hazikuhitajika.

Baada ya ushuhuda ule nilikuwa nimejifunga mwenyewe. Sokoni watu walinisalimia "Baba wa muujiza." Wakanichagua mzee wa kanisa. Sasa ningeonekanaje nimepanga foleni kwenye kituo cha kupima masikio, nimemshika mkono mtoto yule yule? Hapa Lurambi kila mtu ana shangazi anayeuza chai karibu na ofisi za mjini. Habari ingefika nyumbani kabla yangu. Kwa hiyo sikukupeleka. Hicho ndicho nilichokuficha, mwanangu. Miaka yote umeamini kwamba ulichelewa shule ya viziwi kwa sababu shule zilikuwa zimejaa. Nafasi hatukuwa tumeomba. Nilikuzuia mimi, kwa kulinda jina langu.

Nikakuandikisha shule ya msingi ya hapa karibu. Mwalimu wa darasa la kwanza nikamwambia unasikia vizuri ila una haya. Na wewe nikakufundisha ujanja: ukiona mtu mzima anakutazama amengoja, tikisa kichwa kama umekubali. Ulishika haraka. Mpaka leo ukichoka unafanya hivyo, unatikisa tu, na watu wanasema binti huyu ana adabu. Mimi nikiona hivyo natoka nje.

Ulikuwa darasa la pili, una miaka minane, Madam Imali alipokuja hapa kinuni. Huyo alikuwa mwalimu wako wa darasa. Ilikuwa siku ya soko, foleni imefika barabarani, mashine inanguruma. Akawa anaongea, nami sisikii. Nikamwonyesha kwa mikono asubiri. Hakusubiri. Alichomoa madaftari yako manne kwenye mkoba akafungua moja mbele ya uso wangu. Mwandiko mzuri, hesabu sahihi, alama za vema kila mahali. Nikafurahi, nikamwinulia kidole gumba. Akalifunga, akaweka kidole chake juu ya jalada. Palikuwa pameandikwa Brian Shikanga.

Nikadhani amekosea daftari. Akanionyesha la pili, la tatu, la nne. Mwandiko wako, jina la Brian. Brian ndiye uliyekaa naye dawati moja. Ulikuwa unanakili kila alichoandika, tangu mstari wa kwanza, na mstari wa kwanza ulikuwa jina lake.

Nilizima mashine, magunia ya watu yakiwa nusu. Madam Imali alikuwa bado anapaza sauti kana kwamba inanguruma. "Baba Nafula, mtoto wako hajui jina lake! Anakopianga tu! Huyu hasikii, na wewe unajua!" Foleni nzima ikamsikia. Wengi wao walikuwa wa kanisa letu.

Kesho yake tulikuwa kituoni saa mbili asubuhi, kabla hawajafungua. Yule mama aliyekupima alikuwa mpole sana kwako. Alikupa vijiti vya kupanga na picha za kulinganisha, na ulipanga kwa kasi mpaka akacheka. Akatuambia una akili kabisa ila masikio hayapati sauti, akaandika barua ya kukupeleka kitengo cha viziwi katika shule moja ya mjini. Halafu akauliza, "Mlikuwa wapi miaka yote hii?" Mama yako akanigeukia nijibu. Nikasema barabara yetu ilikuwa mbaya.

Wiki mbili baada ya kuanza kule ulirudi nyumbani ukanivuta mpaka kwenye ukuta wa jikoni, ukaandika kwa mkaa: NAFULA. Ukajigonga kifua. Una jina la mama yangu, ndiyo maana nakuita mama, na kumbe miaka minane hukujua kwamba unaitwa chochote. Ukuta ule nimekataa upakwe chokaa mpaka leo, mama yako hulalamika unaharibu sura ya jikoni.

Ungedhani hapo nilienda kanisani nikasema ukweli. Sikuenda. Nilizungumza na mchungaji pembeni, akasema tuyaache yapoe yenyewe, nikafurahi kuambiwa hivyo. Kisha siku moja akaja mwanamke kutoka Likuyani na mtoto wa kike wa miaka minne. Alikuwa amesikia habari zetu. Alitaka mtoto wake akae karibu na ngoma, basi, hakutaka kitu kingine. Nikamwuliza kama kliniki wamemwambia ampeleke akapimwe. Akasema ndiyo, lakini anangoja kwanza aone Mungu atafanya nini, kama mimi nilivyongoja.

Nilikaa naye chini nikamweleza. Alilia, halafu akanikasirikia, na alikuwa na haki ya yote mawili. Jumapili iliyofuata nilisimama kabla ya wimbo wa kwanza nikasema ushuhuda ule haukuwa kweli, mtoto wangu ni kiziwi, anasoma kitengo cha viziwi mjini na anaendelea vizuri. Nilidhani watanitoa. Kisha mzee wetu mmoja wa kike, yule aliyepiga kigelegele cha kwanza, akasema kutoka pale alipokaa, "Sisi tulijuanga zamani, Baba Nafula. Tulikuwa tunakungoja wewe." Wakaanza kuimba. Nikashika ngoma.

Basi mwanangu, baada ya hapo nikawa mtu wa vita. Hii sehemu unaijua, ulikuwa kando yangu. Kitengo kilipokosa mwalimu nilienda ofisi ya elimu mpaka askari wa getini akawa ananiitia chai. Nilijifunza kwamba mtu akikuambia "tutalishughulikia" unamwuliza jina lake unaliandika akikuona. Nilijifunza kwenda na nakala mbili za barua, wapige muhuri ile ninayorudi nayo. Nilijifunza kutokwenda peke yangu, maana mzazi mmoja ni kero na wazazi sita ni ujumbe. Hayo yachukue, yatakusaidia. Wenzako wa kitengo wakanipa jina la ishara, kidole kupangusa nyusi, kwa ajili ya unga. Nililipenda kuliko Baba wa muujiza.

Lakini katika vita vile nilirudia kosa lile lile na sikuliona. Ukumbuke ulipokuwa darasa la sita. Walituletea mwalimu mwanamume, mpole, alikuwa akiwanunulia mandazi. Baadaye ofisi ikataka kumhamisha. Nikachemka. Nimezunguka mwaka mzima kutafuta mwalimu, halafu mnamchukua? Nikakusanya saini za wazazi kumi na mmoja, tukaenda, na nikakubeba na wewe ili waone mtoto wanayemnyima. Afisa alisoma barua, akavua miwani, akauliza, "Na watoto wenyewe wanasemaje?"

Nikajibu, "Wanampenda sana, bwana. Hawataki mwingine."

Ulikuwa umekaa kulia kwangu. Ulinivuta mkono wa shati. Nikakupapasa goti, maana yake tulia, mambo yanakwenda vizuri. Ukavuta tena. Nikakupapasa tena. Tulishinda, mwalimu akabaki, nikakununulia soda, na sikuelewa kwa nini hukuimaliza.

Shule zilipofungwa ndipo ulipomweleza mama yako, wewe na rafiki yako mkisaidiana. Yule mwalimu hakujua ishara. Alikuwa anafungua mdomo kwa upana na kuandika ubaoni, na ninyi mlikuwa mnanakili. Aliyekuwa aje badala yake alikuwa mwanamke aliyesomea lugha ya ishara. Nilimfungia mlango kwa saini kumi na moja, nikawatia ninyi nyote kwenye dawati la Brian mwaka mwingine mzima. Na nilikuwa nimetembea na wewe ofisini, umekaa karibu kuliko kalamu yangu, unanivuta shati.

Ulikuwa mwaka mbaya kwangu. Kanisani nilidanganya kwamba unasikia. Ofisini sikudanganya, niliamini kila neno. Lakini kwako wewe matokeo yalikuwa yale yale.

Mara moja tu nilifanya sawa, na sifa ni zako. Darasa la nane, majina ya watahiniwa yalipobandikwa ukutani, ni wewe uliyeona kwamba umeandikiwa mtihani wa Kiswahili kama wanaosikia, badala ya karatasi ya lugha ya ishara. Ulikuja mbio mpaka hapa kinuni. Nikataka kutoka hivyo hivyo na unga wangu, halafu nikasimama. Nikakupa karatasi nikakuuliza kwa mikono, unataka nini? Ukaandika mistari miwili: "Nataka karatasi ya ishara. Na muda wa ziada tunaopewa." Nilienda na karatasi hiyo, nikaiweka juu ya meza ya mwalimu mkuu, nikanyamaza. Aliisoma mara mbili akatafuta fomu. Haikuchukua nusu saa.

Ungedhani mtu aliyeona hivyo kwa macho yake amejifunza. Ndiyo maana Jumanne sikuwa na la kujitetea. Wiki iliyopita simu ililia, sauti ya ofisi ikaniuliza kuhusu wewe, na mdomo wangu ukajibu wenyewe. Nimezoea. Miaka mingi nimekuwa mtu anayejua Nafula anataka nini, na nikuambie ukweli, ni kazi inayompa mtu heshima. Watu wa ofisi husimama nikiingia. Ukienda kujisemea mwenyewe Jumatatu, mimi nitakuwa msaga unga tu. Nimelifikiria hilo siku nne hizi na nimeona ni sawa.

Sikuelewa hata ulivyochagua kozi. Nilimwambia kila mtu kwamba umependa upimaji kwa sababu una kichwa cha hesabu. Ni mama yako aliyenieleza juzi. Kumbe ni wale watu waliokuja kupima mpaka wetu na wa jirani, mmoja na chombo chake huku, mwingine na fimbo ndefu kule mwisho wa mahindi, wanaelekezana kwa mikono kutwa nzima: kushoto kidogo, inua, hapo hapo. Ulisimama kuwatazama mpaka ukasahau kuleta ng'ombe. Mimi siku hiyo nilikugombeza kwa ajili ya ng'ombe.

Sasa nikuambie nilichofanya asubuhi ya leo, kabla stima haijapotea. Nilimwambia Ambani afungue mkoba wake, hasafiri. Alifurahi kiasi cha kunikera. Kesho nitakupeleka mpaka stendi, nitaweka sanduku juu, na nitabaki chini. Nauli niliyokuwa nimejiwekea mimi ili nikusindikize mpaka chuoni nimempa mama yako, akuongezee kwenye matumizi.

Jumatatu sijui watakuambia nini. Labda watakubali. Labda watakuambia uende urudi, utamke, uandike, usubiri. Labda watakupa mtu asiyejua ishara na kusema ndiye huyo. Ukiona hivyo usitikise kichwa. Ukielewa nusu, waambie umeelewa nusu. Nilikufundisha kutikisa kichwa ili nisiaibike mimi, wewe huna aibu yoyote ya kuficha mbele ya watu hao. Na wakikukatalia kabisa, niandikie unataka nifanye nini. Nitakuja na wazazi sita, nitakuja na kanisa zima na ngoma ukitaka. Lakini sitagusa simu mpaka uniambie. Na ukiniambia nisifanye chochote, nitakaa hapa nisage mahindi, na sitafanya chochote.

Asubuhi hii nilipigia pia chuo simu. Nilijua Jumamosi wanakuwepo mpaka saa sita. Yule mama akapokea. Nikamwambia yale niliyosema wiki iliyopita ayafute, hakuna jamaa atakayekuja, na wewe hukuwa umekubali kitu kwa sababu hukuulizwa. Nikasikia anapekua karatasi.

Akasema, "Sasa mzee, nimwandikie nini mkuu wa idara? Yeye msichana mwenyewe anataka nini hasa? Mkalimani wa kila siku, au wa baadhi ya masomo tu? Aandikiwe nukuu za somo? Akae mbele?"

Majibu yote nilikuwa nayo, Nafula. Yalikuwa yamefika mdomoni. Nikashika simu kwa mikono miwili.

Nikamwambia, "Sijui, madam. Jumatatu atakuja awaambie."

Baba yako.